Jioni Unguja: mezani hotelini au Forodhani?

Sisi wa Dar tukipanda boti ya asubuhi, kwa saa mbili hivi tumeshafika Unguja. Jioni swali ni lilelile: tule wapi?

Mgahawa wa hoteli, uwe wa juu ya paa Mji Mkongwe au wa ufukweni Nungwi, unauza utulivu. Kitambaa cheupe, upepo wa bahari, sahani zinaletwa moja moja. Pweza wa nazi anakuja vipande vitatu na kajani juu. Mlaini, sikatai. Ila binamu yangu alimaliza wake akauliza, "Sasa chakula chenyewe kinakuja saa ngapi?" Kabla ya 2025 bei nyingi zilikuwa za dola.

Forodhani ni habari nyingine. Bustani iko mbele ya Beit el Ajaib, na jua likizama majiko yanawashwa. Muuza urojo anapanga bajia, kachori, viazi na mishkaki kwenye bakuli, anamwagia ule mchuzi mzito wa njano wenye uchachu wa embe, halafu chatne ya nazi, pilipili, na chipsi za muhogo juu kabisa. Kula upesi, muhogo usije ukalainika. Pembeni miwa inakamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu. Samaki waliopangwa mezani tangu jioni waache. Subiri anayetoka motoni, na bei uliza kabla. Lafudhi ya Dar haikupi bei ya mwenyeji.

Kumbukumbu ya ndoa, nitampeleka mama watoto hotelini. Siku nyingine nitafute ukutani Forodhani, bakuli mkononi.