HID au LED kwenye taa za pikapu? Nimezifunga zote mbili, na hii ndiyo niliyobaki nayo

Kwa mwenye haraka, jibu langu ni hili. Kama taa za pikapu yako zina sahani ya kuakisi na balbu ya H4 (balbu moja ya dimu na fulu), HID, yaani balbu ya zenoni inayowaka kwa cheche bila uzi, isiingie humo hata kidogo. LED nzuri inavumilika, ikichaguliwa kwa makini na kusetiwa. Na kama uko tayari taa ifunguliwe na kufungwa projekta ndani yake (kikasha chenye lenzi na kibati cha kukata mwanga), HID ya projekta ndiyo iliyonipa mwanga ambao sijawahi kuuona kwenye gari langu. Nimebaki na hiyo. Sababu zake zinahusu umbo la taa kuliko aina ya balbu, na hapo ndipo wanunuzi wengi hawaangalii.

Pikapu yangu ni ya kabini mbili, yenye springi za majani nyuma. Kila taa ina balbu moja ya H4 ya wati 60/55 inayofanya kazi zote mbili, fulu na dimu. Ni halojeni, balbu ya kawaida yenye uzi, na ya aina hiyo hutoa takriban lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 1,000 kwenye dimu na 1,650 kwenye fulu. Penye taa za barabarani inatosha kabisa. Penye giza totoro, vumbi na wanyama wanaokatiza njia, dereva anabaki anakisia.

Kabla ya kununua chochote nilipima umeme unaofika kwenye balbu, gari likiwa linaunguruma na taa zinawaka. Nakusihi nawe uanzie hapo. Halojeni hutegemea volti kupita kiasi: volti zikishuka kwa asilimia 10, mwanga hushuka kwa karibu asilimia 30. Kwenye pikapu nyingi waya za taa ni nyembamba, na zikizeeka viungio huota kutu, basi umeme unapotea njiani. Nilivuta waya nene kutoka kwenye betri, nikaweka fyuzi na rilei (swichi inayoamshwa kwa umeme mdogo), swichi ya usukani ikabakiwa na kazi ya kuamsha rilei tu. Balbu zilezile zikawaka vingine. Kuna watu ambao kwa hatua hiyo peke yake hawatahitaji tena kusoma habari za HID wala LED, na sioni aibu kuwaambia waishie hapo.

Mimi huendesha usiku mara nyingi, nilitaka zaidi. Nikaegesha gari kwenye sakafu tambarare, mita 10 kutoka ukutani, nikabandika utepe kwenye kimo cha taa, na kamera nikaisimamisha pahali pamoja bila kugusa mipangilio yake. Kila seti niliiacha iwake robo saa ndipo nikaipiga picha. Kusubiri huko kuna maana kubwa. LED huwa kali zaidi ikiwa bado baridi, joto likipanda inajipunguza yenyewe. HID ni kinyume, inaanza hafifu na kuchukua sekunde kadhaa hadi ifike nguvu yake yote. Anayezilinganisha dakika ya kwanza anapata jibu la uongo.

Nilianza na seti ya HID ya H4. Mwanga wake ni mwingi kweli. Balbu ya HID ya wati 35 hutoa karibu lumeni 3,000, karibu mara tatu ya dimu ya halojeni, huku ikila umeme kidogo kuliko halojeni ya wati 55. Haina uzi ndani, mwanga unatokana na cheche inayoendelea kuwaka kwenye gesi ya zenoni na chumvi za metali, kwa hiyo mitikisiko ya barabara mbovu haiikati kama inavyokata uzi wa halojeni. Hayo yote ni mazuri.

Lakini tazama ukutani. Halojeni ilikuwa imechora mpaka unaosomeka, chini mwanga na juu giza. HID iliufuta mpaka huo. Ndani ya H4, chini ya uzi wa dimu, kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usifike nusu ya chini ya sahani, maana mwanga unaogonga hapo ndio unaotupwa juu. Sahani nzima imekokotolewa kwa uzi huo mdogo, ulionyooka, uliokaa mahali pake kwa vipimo vya sehemu za milimita. Cheche ya HID ina umbo jingine, imejikunja kwenda juu, na gololi yake ya kioo nayo inang'aa pande zote. Balbu hizi za H4 hutumia sumaku ya umeme kuisogeza balbu mbele na nyuma ili kubadili dimu na fulu, na uchezaji wa kiungio hicho unaongeza uholela. Nilichuchumaa mbele ya gari kwa kimo cha macho ya dereva wa gari dogo, sikuweza kutazama. Hiyo ilikuwa ni dimu. Sikuitoa barabarani.

Viwanda vyenyewe vililijua hili tangu mwanzo. BMW ilipoleta taa za zenoni mwaka 1991 kwenye 7 Series, taa nzima ilibuniwa kwa ajili ya cheche. Hata baadaye balbu ziligawanywa: D2S kwa projekta, na D2R, yenye michirizi ya rangi ya kuzuia mwanga, kwa sahani iliyobuniwa kwa ajili yake. Kwa miaka mingi Kanuni Namba 48 ya Umoja wa Mataifa imezitaka taa za dimu zenye chanzo cha zaidi ya lumeni 2,000 zijisawazishe zenyewe kulingana na mzigo. Pikapu ya H4 kwa kawaida haina mtambo huo.

Na mzigo ndio maisha ya pikapu. Piga hesabu: umbali kati ya ekseli ukiwa mita 3, na nyuma ikizama sentimita 5 kwa sababu ya mzigo, mwanga unapanda karibu sentimita 17 kwenye ukuta ulio mita 10. Dimu iliyosetiwa kuinama asilimia 1 imeinama sentimita 10 tu kwa umbali huo. Maana yake ukishapakia, dimu yako imevuka kimo cha taa zenyewe na kuingia machoni mwa watu. Kadiri balbu ilivyo kali, ndivyo kosa hilo linavyoumiza zaidi. Kama taa zako zina kigurudumu cha kuzishusha kwenye dashibodi, kitumie kila unapopakia. Watu wengi wanakiacha kwenye sifuri tangu gari linunuliwe.

Nikahamia LED. Kwanza, puuza namba za kwenye boksi. Seti nyingine zimeandikwa lumeni 20,000. Pima wati: balbu inayotumia wati 25, hata ukiipa chipu heshima ya lumeni 150 kwa kila wati, haifiki 4,000, na bado hujatoa hasara ya joto. Nilichoangalia mimi ni mahali zilipo chipu, yaani vipande vidogo vinavyotoa mwanga wenyewe. Ziwe ndogo, kwenye ubao mwembamba, zikae palepale uzi ulipokuwa. Ubao ukiwa mnene, katikati ya barabara kunabaki doa la giza. Pia chipu zinatakiwa zielekee kushoto na kulia kama saa 9 na saa 3 za uso wa saa ya ukutani. Balbu ikikaa upande, mwanga unaharibika, kwa hiyo chagua yenye shingo inayozungushika ili uirekebishe ikiwa ndani.

LED niliyoichagua kwa vigezo hivyo ilichora mpaka unaokaribia ule wa halojeni, na ilinifurahisha kwa jambo moja ambalo HID hailiwezi: ukipiga fulu taa zikiwa zimezimwa, mwanga wote uko hapo papo hapo. Barabarani ndipo nilipoona upungufu wake. Mwanga ulijaa mita chache mbele ya boneti, mweupe na wa kuvutia, kule mbali ukapungua. Huo mwangaza wa karibu una hila: mboni za macho zinajibana, na giza la mbali linazidi kuwa giza. Dereva anajisikia anaona sana ilhali kitu kilicho mbali anakiona kwa kuchelewa. Kwa mwendo wa mjini haidhuru. Kwa mwendo wa barabara kuu inanitia hofu, na ndicho kilichoniamulia.

Yapo na mambo ya ufungaji. Joto la LED linatoka nyuma, kwenye mapezi ya alumini au feni, na kofia ya mpira ya taa mara nyingi haitoshi kuvifunika. Kuna mafundi wanaoikata au kuiacha wazi. Usikubali, vumbi na maji vikiingia vitaiua sahani, na sahani iliyofifia haitafufuliwa na balbu yoyote. Vilevile baadhi ya pikapu za Kijapani hukata umeme wa taa upande wa hasi badala ya chanya. LED ikifungwa humo, taa ya bluu ya fulu kwenye dashibodi inaweza kukataa kuwaka, au dimu na fulu zikachanganyikana. Muulize fundi kabla, siyo baada.

Nilichobaki nacho ni projekta ya HID inayofanya dimu na fulu, balbu ya D2S ya wati 35. Taa ilipashwa joto, kioo kikatolewa, projekta ikakazwa ndani, kisha ikafungwa upya kwa gundi ya butili. Ni kazi ya mikono inayojua. Projekta ikiinama hata kidogo mpaka wa mwanga unalala upande, na gundi ikiacha upenyo mvuke unaingia. Taa zilizofungwa kwa gundi ngumu ya kudumu hazifunguki kwa joto, kwa hiyo ulizia kwanza aina ya taa yako. Kubadili kwenda fulu hapa hakuizimi balbu, kibati cha ndani ya projekta kinaondoka tu na mwanga unafunguka. Mpaka ukutani umenyooka kama uzi, na mwanga unakwenda mbali bila kumuumiza anayekuja. Hawanipigii fulu. Kwangu hicho ndicho kipimo cha ubora kuliko lumeni.

Projekta za LED nazo ni nzuri, sina ugomvi na anayezichagua, hasa anayetaka mwanga wa papo hapo. Mimi nilipendelea HID kwa sababu balbu ikifa nabadilisha balbu peke yake. Kwenye projekta nyingi za LED, chipu ikifa projekta nzima inatoka.

Usisahau sheria. Uingereza tangu Januari 2021 ukaguzi wa magari unaangusha taa ya halojeni iliyowekwa balbu za HID au LED, kwa magari yaliyoanza kutumika kuanzia Aprili 1986. Ujerumani iliruhusu LED fulani kuanzia 2020, kwa magari yaliyoorodheshwa tu. Ulizia kwenu kabla ya kufungua pochi.

Ukienda njia yangu, chukua rangi ya kelvini 4,300. Ndiyo inayotoa mwanga mwingi zaidi kwa HID, na kwenye mvua naona lami vizuri kuliko kwenye weupe wa kibluu wa 6,000 au 8,000. Waya wa balasti, kifaa kinachoipa HID umeme wa kuwakia, uvute kwa rilei kutoka kwenye betri, kwani inapowasha hunyonya mkondo mkubwa. Usiguse viungio vyake taa ikiwa imewashwa, volti za kuanzishia cheche zinapita 20,000. Na balbu zibadilishe mbili kwa pamoja, kwa sababu rangi yake hubadilika kadiri zinavyozeeka, na mpya haitalingana na ya zamani.