Uzoefu wangu na chakula cha paka cha dukani: mfuko wa bei nafuu, mfuko wa bei ghali na kopo

Ninafuga paka wawili hapa Dar es Salaam: Shombo, jike mwenye umri wa kuheshimiwa, na mwanawe Kizibo, dume aliyehasiwa, mfupi na mnene kama jina lake. Maoni haya yanahusu vyakula vitatu vya dukani nilivyowalisha kwa zamu, kila kimoja kwa muda wa kutosha kuona kinavyowakaa mwilini: mfuko wa punje kavu wa bei nafuu unaopatikana karibu kila supamaketi, mfuko wa punje kavu unaojitangaza kuwa hauna nafaka na unaouzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya ule wa kwanza, na chakula laini cha kopo. Chapa sizitaji, kwa kuwa watengenezaji hubadili mchanganyiko huku picha ya mfuko ikibaki ileile, na mtu aliyejua kusoma lebo hahitaji kutajiwa chapa. Kwa kifupi, mfuko wa bei nafuu ni bora kuliko sifa zake mitaani, mfuko wa bei ghali haustahili bei yake, na kopo ndilo lililonishawishi zaidi, ingawa mfuko wangu wa fedha hauwezi kulibeba peke yake.

Kabla ya kupima chakula chochote ni lazima kujua mlaji anahitaji nini. Paka ni mla nyama kwa maumbile na si kwa kupenda tu. Mwili wake hauwezi kutengeneza taurini, aina ya asidi amino, ya kutosha, hauwezi kugeuza rangi ya karoti kuwa vitamini A, na hauwezi kujitengenezea asidi ya arakidoni kutokana na mafuta ya mimea, hivyo vyote hivyo ni lazima avipate kwa kula wanyama wengine au kwa kuongezewa kiwandani. Taurini si jambo dogo. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka waliokuwa wakifa kwa moyo kutanuka na kulegea walikuwa na upungufu wa taurini, na wengi walipoongezewa walipata nafuu, ingawa baadhi yao walikuwa wakila vyakula vya viwandani. Ni tangu hapo watengenezaji walipoongeza viwango vyake. Ndiyo maana neno la kwanza ninalolitafuta kwenye orodha ya viambato ni taurini, na mifuko yote miwili ilikuwa nalo.

Upande wa mbele wa mfuko niliuacha upesi. Kuku mzima aliyechomwa, samaki anayeruka majini, punje zenye umbo la mifupa na nyota za rangi nyekundu na kijani, vyote hivyo vimewekwa kwa ajili yangu mimi mlipaji, kwani paka haoni nyekundu kama tunavyoiona sisi. Maneno yenyewe yana kanuni zake. Katika nchi za Ulaya, chakula kilichoandikwa kuwa kina kuku kinaweza kuwa na asilimia 4 tu ya kuku, na kilichoandikwa kuwa na kuku kwa wingi huhitaji asilimia 14. Nchini Marekani kiwango cha chini cha maneno kama hayo ni asilimia 3, na kikiandikwa kuwa na ladha ya kuku inatosha ladha hiyo iweze kutambulika. Kwa sisi tunaonunua bidhaa kutoka nje, lebo hufuata kanuni za huko ilikotoka, hivyo kuku mkubwa wa kwenye picha anaweza kuwa mdogo sana ndani ya mfuko.

Mfuko wa bei nafuu ulianza orodha yake kwa mahindi, ukafuatia unga wa masalia ya kuku, gluteni ya mahindi (yaani protini ya mahindi iliyotenganishwa na wanga wake), mchele, mafuta ya wanyama na kadhalika. Viambato huorodheshwa kwa uzito, kizito kwanza, na hapo kuna ujanja wa aina mbili. Wa kwanza ni kuligawa zao moja katika majina mengi: mahindi, gluteni ya mahindi na pumba za mahindi, ambayo yakijumlishwa huenda yakaizidi kwa mbali nyama iliyotangulia. Wa pili ni maji. Kuku mbichi ni maji kwa takribani asilimia 70, kwa hiyo akiwekwa kwenye mizani akiwa mbichi atashika nafasi ya kwanza kwenye orodha, lakini akishakaushwa na kuwa punje atakuwa ameshuka nafasi kadhaa. Unga wa kuku, ambao jina lake halivutii, umekaushwa tayari na una protini nyingi zaidi kwa kila gramu.

Kuhusu masalia, nadhani watu hupiga kelele pasipostahili. Maini, figo, mapafu, bandama na matumbo ndivyo vinavyoitwa hivyo katika biashara hii, na sisi tunaopanga foleni kwa ajili ya supu ya utumbo hatuna haki ya kukunja pua. Paka akimkamata panya hamtafutii minofu. Kinachonitia wasiwasi ni lebo inayosema tu nyama na mazao ya wanyama bila kumtaja mnyama yeyote, kwa sababu hapo mtengenezaji amejiachia nafasi ya kununua chochote kilichoshuka bei mwezi huo, jambo ambalo paka mwenye mzio atalihisi kabla yangu.

Takwimu ya protini nayo inahitaji jicho kali. Kiwango kinachoandikwa ni cha protini ghafi, na maabara haihesabu nyama. Hupima naitrojeni, kisha huizidisha kwa 6.25. Mashine haiulizi naitrojeni hiyo imetoka kwenye kifua cha kuku au kwenye gluteni ya mahindi. Mwaka 2007 udhaifu huo uliua wanyama huko Amerika Kaskazini: gluteni ya ngano iliyoagizwa kutoka China ilikuwa imechanganywa na melamini, kemikali ya viwandani yenye naitrojeni nyingi, ili ionekane ina protini kuliko ilivyokuwa, na paka na mbwa wakapata ugonjwa wa figo. Kampuni ya Menu Foods ya Kanada, iliyokuwa ikitengeneza vyakula kwa niaba ya chapa nyingi, ililazimika kurudisha makopo na pakiti zaidi ya milioni 60. Chapa za bei ghali na za bei nafuu zilikuwa zikitoka katika viwanda vilevile, na tangu niliposoma habari hizo bei ya mfuko imepungua uzito katika hesabu zangu.

Hesabu yenyewe ndiyo iliyonifumbua macho, na inafanyika kwa kalamu na karatasi. Lebo hutoa asilimia za chakula kikiwa na maji yake, na ukilinganisha punje kavu na kopo bila kuyaondoa maji utapotoka kabisa. Mfuko wa bei nafuu uliandikwa protini asilimia 30, mafuta 10, nyuzinyuzi 4, unyevu 10 na majivu, yaani madini yanayobaki chakula kikichomwa, 8. Maji yakiondolewa, asilimia 90 ndiyo chakula, na 30 ikigawanywa kwa 90 inatoa protini ya takribani asilimia 33. Kopo liliandikwa protini asilimia 10 tu, na jirani yangu alipoliona alicheka kwamba nimeuziwa mchuzi. Lakini unyevu wake ulikuwa asilimia 81, na 10 kwa 19 ni takribani asilimia 53. Viwango vya AAFCO, chombo cha Marekani ambacho wengi hukifuata, vinataka protini isiyopungua asilimia 26 ya chakula kisicho na maji kwa paka mzima na 30 kwa mtoto au mama anayenyonyesha, kwa hiyo mfuko wa bei nafuu ulipita kwa wote.

Wanga hauandikwi, lakini hupatikana kwa kutoa: kinachobaki kwenye 100 baada ya kuondoa protini, mafuta, nyuzinyuzi, unyevu na majivu. Katika mfuko wa bei nafuu kilibaki 38, yaani asilimia 42 ya chakula kisicho na maji. Mfuko wa bei ghali, ambao maandishi yake makubwa yanajivunia kukosa nafaka, ulikuwa na protini 32, mafuta 14, nyuzinyuzi 5, unyevu 10 na majivu 8. Kilibaki 31, yaani asilimia 34. Nafaka zimeondoka kweli, lakini njegere, dengu na viazi vimekaa kwenye viti vyake, na punje haziwezi kushikana kiwandani bila wanga wa namna fulani. Wanga uliopikwa vizuri si sumu kwa paka na huweza kumeng'enywa. Ninalolalamikia ni kulipa zaidi ya mara mbili kwa tofauti ya asilimia 8 ya wanga na chini ya asilimia 3 ya protini, ambayo sehemu yake, nikitazama orodha, inatoka kwenye njegere. Tena, Julai 2018 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitangaza kwamba inachunguza taarifa za ugonjwa wa moyo, hasa kwa mbwa, waliokuwa wakila vyakula vyenye njegere, dengu na viazi kama viambato vikuu. Haikuthibitishwa kwamba vyakula hivyo ndivyo chanzo, lakini kutokuwa na nafaka hakukuwa tena sifa ya kunitoa fedha mfukoni.

Niliwaandikia watengenezaji wote watatu nikiuliza chakula kimetungwa na mtaalamu gani wa lishe na kina kalori ngapi kwa kila gramu 100, maswali ambayo chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wadogo, WSAVA, hushauri wafugaji wayaulize. Wa mfuko wa bei nafuu alijibu kwa ukamilifu. Wa kopo alijibu nusu. Wa bei ghali alinitumia picha za mashamba ya kijani.

Katika kuchagua kopo, tahadhari moja ni kubwa kuliko zote. La kwanza nililolishika lilikuwa na vipande vya jodari vyeupe, safi, ndani ya maji yake, ambavyo hata binadamu angevila kwa wali. Lakini kwa herufi ndogo liliandikwa kuwa ni chakula cha nyongeza. Maana yake halina vitamini na madini yote, na paka akilishwa hilo peke yake kwa miezi atadhoofika huku bakuli limejaa. Nililinunua lile lililoandikwa kuwa ni chakula kamili kwa paka wazima, lenye sura ya kusikitisha na harufu ya maini. Paka walilimaliza kabla sijanyanyuka.

Faida kubwa ya kopo ni maji. Paka hushuka kutoka kwa mababu walioishi kwenye nchi za ukame na hana bidii ya kunywa. Akila punje hunywa zaidi, lakini jumla ya maji yake kwa kawaida hubaki chini ya ya yule anayekula chakula laini. Kwa dume, ambaye mrija wake wa mkojo ni mwembamba na huziba kwa fuwele, jambo hili linaweza kuwa la kufa na kupona, na sina haja ya kuona jina la Kizibo likitimia. Kwa kopo, madonge ya mkojo kwenye mchanga wake yaliongezeka ukubwa. Kwa mfuko wa bei ghali choo cha Shombo kililainika na hakikurudi kuwa kigumu, ingawa nilibadilisha taratibu kwa wiki nzima kwa kuchanganya. Manyoya sikuyaona yaking'aa zaidi kwa chakula chochote.

Kuna maduka ya pembejeo za mifugo yanayofungua gunia na kuuza punje kwa kupima. Sinunui. Hakuna lebo, hakuna tarehe ya mwisho wa matumizi, na katika joto na unyevu wa pwani mafuta yaliyonyunyiziwa kwenye punje huchacha haraka mara gunia likifunguliwa. Hata mfuko wangu mwenyewe nauweka mzimamzima, ukiwa na karatasi yake, ndani ya debe lenye mfuniko.

Wanaoniambia vichwa vya samaki vya soko la Feri vinatosha nawajibu kwamba baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, kwa hiyo wavipike kwanza, bila kitunguu, ambacho huharibu damu ya paka. Navyo nawapa wangu mara mojamoja kama kitoweo.

Kopo la gramu 400 lina takribani kalori 90 kwa kila gramu 100, na Kizibo huhitaji kama 230 kwa siku, kwa hiyo kopo peke yake lingemtosha siku moja na nusu tu. Sasa hupata gramu 40 za punje za mfuko wa bei nafuu, zilizopimwa kwenye mizani ya jikoni, na robo ya kopo jioni. Daktari wa mifugo alipompima mara ya mwisho alikuta uzito haujapanda, na Kizibo amehamia kulala karibu na debe.