Nyota nne kwa daktari aliyeanzia nyongani

Nyota moja nimewanyima watu wa mapokezi, na sababu nitaitaja. Nne zilizobaki ni za daktari na vidole vyake.

Mimi ni fundi vigae, nina miaka 24. Wiki mbili nilikuwa na homa ya kuja na kuondoka, koo limevimba, tezi za shingo zimetuna kama kokoto, na uchovu wa kunilaza mchana juu ya mifuko ya saruji. Kilichonitisha hasa ni tumbo. Matonge matatu tu nimeshiba, na ubavuni kushoto nahisi kama kuna kitu kimepachikwa ambacho jana hakikuwepo.

Kabla ya hapa nilipita kwingine, sitapataja. Daktari wa huko alinibonyeza mara mbili juu ya fulana nikiwa nimekaa kitini, simu kaibana kati ya sikio na bega. "Bandama iko sawa," akasema, akaniandikia dawa za maumivu. Ningekagua sakafu ya mtu namna hiyo, hela yangu ningeisikia kwenye bomba.

Huku nako hawakuanza vizuri. Nimefika saa yangu, nimengoja, nimeitwa, daktari akauliza, "Umekula saa ngapi?" Nikamwambia ni muda huu huu, hapo nje. Akatikisa kichwa: tumbo likijaa chakula, ukigonga mbavu za kushoto chini zinatoa sauti nzito hata kama bandama ni nzima, na mtu anaambiwa anaumwa kumbe ameshiba. Nirudi baada ya saa mbili. Sasa jamani, wakati napiga simu kuomba nafasi, kuniambia "usile kwanza" kungewagharimu nini? Nyota imeondoka hapo.

Niliporudi alikuwepo na mwanafunzi wake, kijana mpole mwenye koti linalompwaya. Daktari, mama wa makamo, aliniomba ruhusa mwanafunzi abaki. Nikakubali, na ilinifaa, kwa sababu kila alichomweleza yeye nami nilikipata bure.

Hakukimbilia tumbo. Alifunua kope zangu atazame damu, akaangalia weupe wa macho kama umegeuka manjano, akapapasa tezi za shingo, za kwapa, za kinena. Akasikiliza kifua mbele na nyuma. Ndipo akanilaza chali, akaniambia nikunje magoti ili misuli ya tumbo ilegee, akasugua viganja vyake mpaka vikapata moto. Mkono wa baridi, alimwambia mwanafunzi, unalifanya tumbo kuwa ubao.

Kisha akaanza kugonga, na hapo nikajikuta kazini kwangu.

Alilaza kidole cha kati cha mkono wa kushoto kwenye ngozi, akakigonga kwa kidole cha kati cha kulia, kifundo kikicheza kama nyundo ndogo. Sisi vigae tunavikagua hivyo hivyo: unapita na mpini, unagonga kimoja kimoja, unasikiliza. Kilichokamata saruji kinatoa sauti fupi, nzito. Chenye uwazi chini kinalia mwangwi, na hicho utakibandua. Nikamwambia. Akacheka, akasema nimekaribia chanzo chenyewe: ugongaji huu uliandikwa 1761 na daktari wa Vienna, Leopold Auenbrugger, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, na inasimuliwa kuwa aliuona kwa watu waliokuwa wakigonga mapipa ya mvinyo kujua yamejaa hadi wapi.

Tofauti ni kwamba kwake mambo yamegeuka. Chini ya mbavu za kushoto kuna hewa ya mapafu na ya tumbo, kwa hiyo mwangwi ndio uzima. Sauti nzito ndiyo ya kutilia shaka.

Alishuka hadi uwazi wa mwisho kati ya mbavu, kwenye mstari unaoteremka kutoka ukingo wa mbele wa kwapa. Mahali hapo, akamwambia kijana, panaitwa kwa jina la daktari Castell, aliyepaeleza 1967. "Toa pumzi yote." Akagonga. Mwangwi. "Sasa vuta, jaza kifua, zuia." Akagonga palepale. Ndi! Nzito, kama kigae kilichokamata barabara. Nilisikia mwenyewe kabla hajasema neno. Bandama nzima haifiki hapo hata ukivuta pumzi. Yangu ilisukumwa na pumzi ikaja kusimama chini ya kidole chake.

Halafu ndiyo mkono, na hapa ndipo nilipomkumbuka yule wa simu. Huyu hakuanzia mbavuni. Alianzia chini kabisa, karibu na nyonga ya kulia, akapanda kwa mshazari kupita kitovu kwenda mbavu za kushoto. Bandama ikikua inashuka ikielekea nyonga ya kulia, njia hiyohiyo. Ikiwa kubwa sana na wewe ukaanzia mbavuni, unakuwa umeshapanda juu yake, ukingo huuoni, unaona tumbo tu ni gumu gumu, unasema hakuna kitu.

Wala hakubonyeza. Aliweka vidole, akatulia, akaniambia nivute pumzi, akasubiri kitu kimfuate. Hakikuja, akasogea kidogo juu, akasubiri tena. Mkono wake wa kushoto ulikuwa nyuma ya mbavu zangu za chini ukizileta mbele. Nikiwa chali hakuwa na uhakika. Akanigeuza nilalie ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa, akarudia. Pumzi ya tatu, ukingo laini ukateleza chini ya vidole vyake na nikausikia kwa ndani, kama mtu anayepita nyuma ya pazia akaligusa kwa bega. Sentimita mbili hivi chini ya mbavu.

"Utajuaje si figo?" akamuuliza kijana. Kijana akajibu kuwa vidole haviwezi kupenya kati ya kitu chenyewe na mbavu. Akaruhusiwa kujaribu mara moja. Alipotaka kuzamisha vidole, mama akamshika kifundo cha mkono. "Taratibu. Hii ikivimba ghafla ganda lake linakuwa jembamba. Haichezewi."

Nikamuuliza kwa nini daktari wa kwanza aliikosa. Hakumsema vibaya. Bandama ya mtu mzima mwenye afya ni kama gramu 150 hadi 200, imejificha nyuma ya mbavu ya 9 hadi ya 11, na kwa kawaida lazima ikue karibu mara mbili au zaidi ndipo mkono uipate. Kwa hiyo hata mkono mzuri ukikosa, haimaanishi haipo. Ndiyo maana alinipeleka ultrasaundi ingawa alikwisha kuishika: sentimita 15, wakati ya kawaida haizidi 12 au 13. Damu ikaonyesha si malaria wala saratani ya damu, mambo mawili yaliyokuwa yameninyima usingizi. Ni homa ya tezi, ile ya virusi vya Epstein-Barr.

Hakuna dawa ya kuwaua hao. Nilipewa masharti: mwezi mzima nisibebe mifuko ya saruji, nisicheze mpira, na nikipata maumivu ya ghafla ubavuni kushoto au begani kushoto nisingoje asubuhi. Bega! Nisingeambiwa ningesema nimelalia vibaya. Wiki mbili za homa nilikuwa nimebeba mifuko kila siku, na tayari nilikuwa na karatasi inayosema bandama iko sawa.

Pazia la chumba cha uchunguzi halifungi hadi mwisho, warekebishe. Kitanda kinalia.

Mwezi ulipokwisha nilirudi, safari hii na njaa yangu. Akanilaza, akapapasa kutoka nyongani hadi mbavuni, chali na kwa ubavu, hakupata kitu. Akahamia pale pa Castell. "Vuta, jaza, zuia." Akagonga, pakalia mwangwi.

"Daktari," nikamwambia, "kingekuwa kigae hiki, ningekibandua."

Akaandika kwenye faili, akaniambia nivae shati.