Uzoefu wangu na xargs kwenye picha za harusi

Napiga picha za harusi, na harusi moja huniachia picha elfu mbili na ushei. Zote lazima zipunguzwe ukubwa kabla mteja hajatumiwa. Zamani nilizifungua moja baada ya nyingine mpaka mkono unakufa ganzi. Ndipo fundi mmoja wa kompyuta aliponionyesha xargs, programu ndogo ambayo tayari imo ndani ya Linux na Mac. Inapokea majina ya faili na kuyakabidhi kwa amri nyingine, basi. Mstari wangu wa kila wiki ni huu, find ikitafuta faili na xargs ikipokea majina yake:

find . -name '*.JPG' -print0 | xargs -0 -n 50 -P 4 mogrify -path ../ndogo -resize 1600x1600

Anayepunguza picha ni mogrify wa ImageMagick, programu ya kuhariri picha ambayo unaisakinisha mwenyewe, na folda ya ndogo uiunde kwanza. Angalia pia majina: kamera mbili zikitoa IMG_0001.JPG kila moja, ya pili itaifuta ya kwanza humo ndani.

Utamu wenyewe uko kwenye -P 4, yaani kazi nne kwa wakati mmoja, kwa sababu prosesa yangu ina kori 4. Mwanzoni niliiweka peke yake nikashangaa kasi ni ile ile. Kumbe xargs ilikuwa inabeba majina yote kwa mkupuo mmoja na kumpa mogrify mmoja, wale wengine watatu hawana cha kufanya. Nilipoongeza -n 50, picha hamsini kwa kila mzigo, feni ya laptopu ikaanza kuvuma na kazi ikaisha kabla chai haijapoa.

Sasa lililoniumiza. Nilikuwa na folda mbili: "Harusi", yenye picha halisi, na "Harusi nakala", niliyotaka kuifuta. Nikaandika:

find . -type d -name '*nakala' | xargs rm -r

Bila -print0 na -0, xargs hukata jina kila inapokuta nafasi. Ikaona ./Harusi, halafu nakala. Picha halisi zikafutwa zote, na folda niliyoikusudia ikabaki pale pale. Mwili ulinisisimka. Nilizipata kwenye diski ya nje, namshukuru Mungu, vinginevyo ningewaambia nini maharusi?

GNU parallel, programu nyingine ya kazi kama hii, nayo nimeijaribu. Ni nzuri, hukata majina kwa mstari badala ya nafasi, lakini mara nyingi lazima uisakinishe, na kwa kazi yangu xargs inatosha kabisa.

Siku hizi kabla ya kufuta chochote natanguliza echo, amri inayoonyesha maandishi tu bila kufuta kitu, mbele ya rm, pamoja na -n 1. Usiiache hiyo -n 1. Echo peke yake ingenionyesha "rm -r ./Harusi nakala" kwenye mstari mmoja, na ningeona kila kitu kiko sawa. Ukiwa na -n 1, ./Harusi inasimama peke yake kwenye mstari wake, na mkono unasita.