Namba juu ya "fundi cherehani"

Kampuni hii ya kutafiti koo naipa nyota moja, na hiyo moja ni ya kazi yao ya Poland.

Kazi ilikuwa kumfuatilia babu wa mke wangu, Myahudi, kutoka mji mdogo wa Poland iliyokuwa chini ya Urusi hadi New York. Nililipia saa 20, miezi ikapita, ikaja ripoti nene. Mwishoni wanasema hawawezi kuthibitisha kwamba Hersz wa melini ndiye Harry wa New York, kwa kuwa "jina lilibadilishwa Ellis Island", yaani kile kituo cha kupokelea wahamiaji bandarini New York.

Mtafiti anayelipwa kwa saa ananiletea hadithi ya kijiweni! Ellis Island hakuna aliyekuwa akigawa majina. Orodha ya abiria iliandikwa na makarani wa kampuni ya meli kule ilikoondokea, Hamburg, Bremen au Rotterdam. Mkaguzi wa Marekani aliipokea imeshajazwa, kazi yake kuhakiki. Majina watu walijibadilishia wenyewe baadaye, mtaani na viwandani, wengi bila kukanyaga mahakamani. Kwa hiyo Hersz na Harry wanaunganishwa na karatasi za uraia.

Na kiungo walikuwa nacho! Kuza ile picha ya orodha waliyoibandika. Kwenye safu ya kazi, juu ya "fundi cherehani", imechomekwa namba kwa mwandiko mwingine: tarakimu moja, kistari, tarakimu kadhaa, kisha tarehe ya miaka ya 1930. Alama hizo makarani wa uhamiaji walianza kuziweka 1926, kila walipotakiwa kuthibitisha kwamba mwombaji uraia kweli alifika na meli ile. Unachukua tarehe hiyo, unafungua faharasa za maombi ya uraia kuanzia mwaka huo kwenda mbele miaka miwili mitatu, Manhattan kivyake na Brooklyn kivyake (zote ni sehemu za New York), unamsaka Harry mwenye meli ile ile na siku ile ile. Ombi la miaka hiyo lina jina alilofikia nalo, mke, watoto na tarehe zao za kuzaliwa. Shughuli imekwisha.

Nikapiga simu. Aliyesaini ripoti akanijibu, "Hizo ni alama za makarani tu, ndugu yangu," halafu papo hapo akaniuliza kama niongezewe saa 10.

Haya, haki yao niwape. Kumbukumbu ya kuzaliwa waliyoitoa kule Poland ni kazi safi. Za eneo lile kuanzia 1868 ni Kirusi cha mkono, aya moja ndefu bila jedwali, na tarehe huja mbili mbili, ya kalenda ya Julian (ya zamani, ya Urusi) na ya Gregorian (tunayotumia leo), zikipishana siku 12 kwa karne ya 19. Hawakuzichanganya. Wakaona pia kwamba mtoto aliandikishwa akiwa na miaka minne, siku moja na mdogo wake, jambo la kawaida kwa Wayahudi wa huko lakini wengi hulipita, wakabaki na mapacha wasiokuwepo.

Basi nyota tatu? Kwa Poland ningewalipa tena hata kesho. Ila nikiufungua ukurasa wa 14 hasira inarudi: wamechora mshale mwekundu kuonyesha jina la Hersz, na mkia wa mshale umekatiza juu ya ile namba.