Tairi za mtumba Mombasa: soma tarehe kabla ya kutazama mistari

Muuza tairi wa hapa Mombasa, uwe Changamwe au Kongowea, atakuonyesha mistari kwanza. Atatia kidole ndani akwambie, "Bosi, ona mwenyewe, hii bado mpya." Mwache na kidole chake, wewe inama utafute herufi DOT ubavuni. Mwisho wa msururu ule pana tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona, geuza tairi. Mara nyingi huandikwa upande mmoja tu. Michelin na Continental wanasema tairi isivuke miaka 10 hata kama mistari imejaa. Kwa jua letu hili, mimi iliyopita sita siigusi. Niliwahi kununua jozi yenye mistari ya kushiba, nikajiona nimeokota dodo chini ya mnazi. Moja ilipasuka kabla sijafika Mariakani. Kuja kusoma tarehe, miaka 11.

Haya, kwa mpango wangu, kuanzia bora hadi mbaya kabisa:

1. Tairi za mwenye gari anayebadilisha rimu. Unazikuta zimefungwa, zina upepo, na mwenyewe yupo wa kuulizwa. Tatizo ni kuzipata.

2. Ex-Japan, yaani zilizotumika Japani. Hapa ndipo wengi wetu tunapoishia, na mtego upo hapa. Ukiona neno STUDLESS ubavuni, hiyo ni tairi ya theluji, mpira wake laini ulitengenezwa kwa baridi. Kwenye lami ya Mombasa saa saba mchana inalika kama sabuni. Kisha panua midomo ya tairi utazame ndani. Kiraka kilicho katikati, chini ya mistari, kinavumilika. Kikiwa ubavuni, rudisha tairi pale ulipoitoa. Na ule weusi unaong'aa ni dawa ya kupaka tu: sugua kwa kitambaa chenye maji, ukunje mpira kidogo, nyufa zitajitokeza kama udongo wa kiangazi.

3. Za fundi wa pancha. Kwa spea tu. Usilipe mpaka aifunge kwenye rimu, ajaze upepo, aipake maji ya sabuni na povu lisichemke popote.

4. Zilizochongwa mistari upya kwa kisu cha moto. Tairi ya gari dogo haina mpira wa kuchongwa, kisu kinakaribia waya za ndani ya tairi. Hata bure sizitaki.

Nyinyi vijana wa Subaru mnaoulizia tairi za mashindano zilizotumika: zile kipara za kukimbizana mita 402 hazina mistari ya kutoa maji. Mvua ya masika ikikukuta nazo Nyali, gari linaelea.

Ukiuza zako, tazama vile vinundu ndani ya mistari. Mpira ukilingana navyo, imebaki milimita 1.6, hapo huna cha kuuza. Kama bado, piga picha ya zile tarakimu nne uitangulize, hata kabla ya bei.