Uduvi kavu wa Ziwa Victoria: pima gunia kabla ya kulipa

Dagaa wakipanda bei, wafugaji wa kuku na samaki kando ya Ziwa Victoria hugeukia uduvi kavu wa ziwani, ambao Wajaluo huwaita ochonga. Kwa jina la kisayansi ni Caridina nilotica. Bidhaa hii tunaipendekeza, ila kwa sharti moja: usinunue kwa macho.

Uduvi safi waliokauka vizuri wana protini ya kama 55% hadi 60%, si mbali na dagaa. Hawana chumvi ya bahari kama uduvi wa pwani, kwa hiyo vifaranga hawaharishi kwa chumvi kuzidi. Wekundu wao pia hukoleza kiini cha yai. Lakini cheti cha maabara huwapendelea kidogo. Kipimo cha kawaida hupata naitrojeni kisha huizidisha kwa 6.25 ili kukadiria protini, na gamba la uduvi lina kaitini, ambayo nayo ina naitrojeni lakini si protini. Kwa hiyo 58% ya uduvi haina uzito sawa na 58% ya dagaa.

Upatikanaji wake ni wa kuaminika, na sababu iko katika uzazi wake. Uduvi huyu hafiki sentimita 3. Jike ni mkubwa kuliko dume, na hubeba mayai chini ya tumbo, kwenye miguu ya kuogelea, hadi yaanguliwe. Wachanga huelea majini na kukua kwa kujivua gamba mara kwa mara, bila kuhitaji maji ya bahari kama kamba wengine wa mitoni. Joto la maji ndilo huharakisha au kuchelewesha yote haya, na kwa kuwa ziwa hili lina joto mwaka mzima, majike wenye mayai hawakosekani.

Kinachoyumba ni uvuvi na ukaushaji. Usiku uduvi hupanda kutoka chini ya ziwa, wakanaswa kwenye nyavu za dagaa zinazovuliwa kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haivuti na mzigo hupungua. Mvua nazo huwaacha na unyevu. Wakati mzuri wa kununua ni siku ambazo usiku hauna mbalamwezi na mchana jua linawaka.

Sasa kasoro kubwa: mchanga. Wanaoanikwa chini ufukweni huzolewa pamoja nao, na gunia likawa zito kwa kitu kisicholika. Chota kidogo kidogo kutoka juu, katikati na chini ya gunia, changanya, pima gramu 100, weka kwenye ndoo ya maji na ukoroge. Uduvi wakavu huelea kwanza, mchanga hutuama. Mwaga maji pamoja na uduvi kabla hawajalowa wakazama, kausha mchanga uliobaki, kisha upime. Ukipata gramu 20, protini ya 60% imeshuka hadi 48%, na moja ya tano ya pesa yako imenunua ufukwe. Ukizidi gramu 5, dai punguzo. Ukifika 15, ondoka.

Finya konzi moja pia. Wakavu huvunjika kwa mlio. Wakijikunja bila kuvunjika, wana unyevu na wataota ukungu ghalani, na ukungu ndio mlango wa sumukuvu. Rangi iwe ya chungwa au nyekundu iliyofifia. Weusi wenye harufu ya amonia walioza kabla ya kukauka, na hakuna jua litakalowarudisha.

Kwa sato wanaokuzwa bwawani, kilo 100 za mchanganyiko huu hutoa protini takribani 27%: uduvi safi kilo 25, mashudu ya alizeti 35, pumba laini za mpunga 28, unga wa muhogo 10, vitamini na madini 2. Kwa kuku, usivuke kilo 10 katika 100, la sivyo nyama na mayai huanza kunukia samaki.

Saga kwa chekecheo la milimita 1 ikiwa ni chakula cha vifaranga vya samaki. Ukiacha vipande vikubwa, miguu na masharubu huelea pembeni mwa bwawa bila kuliwa, na kesho yake maji yameanza kuharibika. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, na unachosaga kiwe cha wiki mbili tu: unga hupata unyevu na kuchacha upesi kuliko uduvi wazima.